Mistari Miwili ya Juu: Tegemeo Linapokosekana Kimya Kwenye PARI/GP

Ukishafungua gp, dirisha la kuandikia amri la PARI/GP (programu ya hesabu za nadharia ya namba), usiharakie kuandika hesabu. Soma kwanza maandishi ya juu. Pale ambapo PARI/GP ilikompailiwa (yaani ilijengwa kutoka kwenye msimbo wake wa chanzo) mbiombio, mistari miwili husomeka hivi:

```
amd64 running linux (x86-64 kernel) 64-bit version
(readline not compiled in, extended help enabled)
```

Kwa macho, hakuna kilichoharibika. Andika `factor(2^67-1)` na jibu linakuja papo hapo: 193707721 mara 761838257287, ule mgawanyo ambao Frank Nelson Cole aliuwasilisha Marekani mwaka 1903. Sasa bonyeza mshale wa juu urudishe mstari uliopita. Badala ya mstari wako inajitokeza `^[[A`. Bonyeza wa kushoto, inatoka `^[[D`. Ukikosea mabano katikati ya mstari mrefu, huna budi kufuta hadi pale ulipokosea na kuandika upya. Na siku utakapozidisha namba zenye tarakimu milioni moja, utasubiri kuliko inavyostahili.

Vitu viwili havipo hapo: readline, inayoshughulikia mishale na kumbukumbu ya mistari, na GMP, maktaba ya hesabu za namba kubwa ambayo Torbjörn Granlund aliitoa mara ya kwanza mwaka 1991. Hakuna kosa lililoandikwa wala kazi iliyosimama. Programu ya kusanidi ya PARI ikikosa GMP hutumia kernel, yaani kiini cha hesabu, ya PARI yenyewe na kuendelea na safari. Ikikosa readline huandika onyo katikati ya mistari mingi inayopita mbio, kisha nayo ikasonga mbele. Tegemeo, yaani kitu ambacho programu inakihitaji kutoka nje yake, likikosekana kwa kelele lina nafuu, maana linakwambia jina lake. Hili la kimya linaweza kukaa kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa Tudor, hapa Mombasa, muhula mzima, yeye akidhani ndivyo gp ilivyo.

Kabla hatujaingia ndani: kama unaihitaji PARI/GP kwa kazi ya darasani tu na una Ubuntu au Debian, `sudo apt install pari-gp` inatosha. Waliotayarisha kifurushi hicho wameshaunganisha GMP na readline. Kukompaili kuna maana pale unapotaka toleo jipya kuliko lililo kwenye ghala la Ubuntu yako, au unapotaka kuiweka kwenye folda yako kwa sababu kompyuta ya maabara haikupi ruhusa ya sudo.

Neno "haipo" linapotoka kwenye mashine linaweza kuwa na maana tatu, na dawa ya moja haitibu nyingine. Chukua harusi ya Mji wa Kale. Kuna mpishi mwenyewe, anayesimama mbele ya sufuria siku ya shughuli. Kuna karatasi yenye majina ya vyakula anavyovijua na kiasi cha mchele, nyama na samli anachohitaji kwa kila kimoja. Hiyo humfaa mwenye kupanga shughuli wiki mbili kabla. Halafu kuna vyombo, yaani miko, mafiga na sufuria zenyewe. Maktaba ya kompyuta ndiyo mpishi. Faili la kichwa, kama `gmp.h`, ndilo karatasi. Zana za kujengea, kama gcc, make na m4, ndizo vyombo.

Debian na Ubuntu zimetenganisha mpishi na karatasi kwa sababu watu wengi wanakuja kula tu, hawapangi shughuli. GMP inakuja kwa vifurushi viwili. `libgmp10` ina maktaba yenyewe, faili la `libgmp.so.10`, na karibu kila Ubuntu tayari inayo, kwa kuwa programu nyingine nyingi zinaitegemea. `libgmp-dev` ina `gmp.h`, na pia ina jina fupi `libgmp.so` linaloelekeza kwenye maktaba. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu anaandika `dpkg -l | grep gmp`, anaiona `libgmp10`, anasema ninayo, kisha anashangaa kompaila inamkatalia:

```
fatal error: gmp.h: No such file or directory
```

au baadaye kidogo, kwenye hatua ya kuunganisha:

```
/usr/bin/ld: cannot find -lgmp
```

Yote mawili ni `libgmp-dev` inayokosekana. Lile la pili linachanganya zaidi, kwa sababu maktaba ipo kweli kwenye diski. Ila `ld`, programu inayofanya kazi ya kuunganisha, ikiambiwa `-lgmp` hutafuta jina `libgmp.so` au `libgmp.a` na si jina lingine. `libgmp.so.10` iko palepale, inapitwa kama mgeni asiyeitwa kwa jina lake. Usijaribu kutengeneza kiungo hicho kwa mkono ili `ld` inyamaze. Kitaunganisha, lakini bado hutakuwa na `gmp.h`, na siku utakaposakinisha kifurushi chenyewe utakuwa umejiwekea mkanganyiko.

Kwa PARI, ukishapakua kifurushi chake cha chanzo (`pari-*.tar.gz`), mfuatano huu unatosha:

```
sudo apt update
sudo apt install build-essential libgmp-dev libreadline-dev
tar xzf pari-*.tar.gz
cd pari-*/
./Configure --prefix=$HOME/pari --with-gmp
make gp
make bench
make install
```

Angalia `Configure` ina C kubwa. Si ile `configure` ya kawaida. `--with-gmp` iandike hata ukiamini itaiona yenyewe, ili nia yako ikae wazi kwenye mstari wa amri. `--prefix=$HOME/pari` inaweka kila kitu nyumbani kwako, hivyo `make install` haihitaji sudo, na ukitaka kuiondoa unafuta folda moja tu. Kisha fungua `~/pari/bin/gp` na usome ile mistari miwili. Kwenye Ubuntu 24.04, yenye GMP 6.3.0 na readline 8.2, inatakiwa iwe hivi:

```
amd64 running linux (x86-64/GMP-6.3.0 kernel) 64-bit version
(readline v8.2 enabled, extended help enabled)
```

Ukiwa tayari ndani ya gp, `\v` huyarudisha maandishi hayo bila kutoka.

Kama ulishakompaili bila GMP na sasa umeiongeza, usirudie `make` peke yake. Uamuzi wa kutumia kernel ipi ulifanywa na Configure na ukaandikwa kwenye mafaili yake. `Make` haina habari kwamba mambo yamebadilika. Ninavyoona mimi, njia salama ni kufuta folda nzima, kufungua kifurushi cha chanzo upya na kuanza na Configure. PARI si kubwa, muda unaopotea ni mdogo kuliko ule wa kutafuta faili gani la zamani limebaki.

Usipojua faili lililokosekana liko kwenye kifurushi gani, usikisie jina. Sakinisha `apt-file`, endesha `sudo apt-file update`, halafu:

```
apt-file search -x '/gmp\.h$'
```

Ile alama ya dola mwishoni na mkwaju mwanzoni ni muhimu. Bila hizo utaletewa kila faili lenye herufi hizo katikati ya jina. Jibu unalolitaka ni mstari wa `libgmp-dev`. Kwa Fedora ni `dnf provides '*/gmp.h'`, na huko vifurushi vya aina hii huishia na `-devel`: `gmp-devel`, `readline-devel`. Kanuni hiyohiyo inakufaa ukisakinisha gmpy2 ya Python kutoka kwenye chanzo: italia kwa `gmp.h`, ukiiweka italia kwa `mpfr.h`, kisha `mpc.h`. Weka `libgmp-dev`, `libmpfr-dev` na `libmpc-dev` kwa pamoja, usisubiri ikuitie kimoja kimoja.

Kuna wanaoamua kuikompaili GMP yenyewe. Huko kosa la kwanza linatoka sekunde chache tu baada ya kuanza:

```
configure: error: No usable m4 in $PATH or /usr/5bin (see config.log for reasons).
```

Hapa kinachokosekana ni chombo, si mpishi wala karatasi. m4 ni programu ndogo ya mwaka 1977, kazi ya Brian Kernighan na Dennis Ritchie, inayopanua vifupisho ndani ya maandishi. GMP inaihitaji kwa sababu sehemu zake zenye kasi zaidi zimeandikwa kwa lugha ya asembli, kila aina ya prosesa na yake, na mafaili hayo ya `.asm` hupitishwa kwenye m4 kwanza. `/usr/5bin` isikusumbue, ni folda ya mifumo ya zamani ya Sun. Dawa ni `sudo apt install m4`, basi.

Ujumbe huo unakuelekeza kwenye `config.log`, na mtu akilifungua huenda moja kwa moja mwisho wa faili. Mwisho hakuna kitu cha kukusaidia. Kuna orodha ndefu za thamani ambazo configure ilizihifadhi kabla ya kufa. Tafuta kichwa kilichoandikwa `Cache variables`, halafu panda juu yake mistari kumi au ishirini. Hapo utaona amri iliyojaribiwa, jibu la kompaila na sababu halisi. Vivyo hivyo kwa `make`: ule mstari wa mwisho wa `Error 1` ni mwangwi tu. Ukiwa umetumia `make -j4`, kazi nne zinaandika kwa zamu na kosa la kweli linaweza kuwa mistari mia moja juu. Endesha `make` tena bila `-j`. Itasimama palepale penye tatizo.

Ukifanikiwa kuijenga GMP, `make check` si hiari. Wenyewe waliotengeneza GMP wanasisitiza hivyo, kwa kuwa maktaba hii imewahi kufichua makosa ya kompaila mara nyingi, na GMP iliyokompailiwa vibaya haianguki, inatoa jibu la uongo. Kwa mtu wa hesabu hakuna hasara kubwa kuliko hiyo.

Baada ya `sudo make install`, maktaba inakaa `/usr/local/lib`. Ukifungua programu kwenye mashine isiyo na `libgmp10` ya mfumo, unaambiwa:

```
error while loading shared libraries: libgmp.so.10: cannot open shared object file: No such file or directory
```

Hii ndiyo maana ya tatu: karatasi ilikuwepo, vyombo vilikuwepo, shughuli ilipangwa vizuri, mpishi ndiye hakuonekana siku yenyewe. Kwenye Debian na Ubuntu folda hiyo tayari imo katika orodha ya pa kutafuta, ila orodha inasomwa kutoka kwenye akiba iliyoandikwa zamani. `sudo ldconfig` inaiandika upya na tatizo linakwisha. Kwenye Fedora folda hiyo haimo. Andika `/usr/local/lib` kwenye faili jipya ndani ya `/etc/ld.so.conf.d/` kwanza, halafu `ldconfig`. Kuhakikisha, `ldd ~/pari/bin/gp` huonyesha kila maktaba na mahali ilipopatikana. Isiyopatikana huandikwa `not found` waziwazi.

Lakini sasa una GMP mbili, ya Ubuntu na ya kwako, na hapa ndipo nakushauri ufikiri mara mbili kabla ya kuanza. Kompaila inaweza kusoma karatasi ya mpishi mmoja, akaja mwingine kupika. Watengenezaji wa MPFR, maktaba nyingine inayotumia GMP, ni waangalifu: configure yao ina mstari wa kulinganisha toleo la `gmp.h` na toleo la maktaba, na zikitofautiana, tuseme 6.3.0 na 6.2.1, utaliona jibu la `no` hapo. Programu nyingine hazina ukaguzi huo. Kama huna sababu ya pekee, bakia na `libgmp-dev` ya mfumo wako.

Nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, lakini hilo halimjazii mtu bando. Kompyuta nyingi za wanafunzi Kisauni na Likoni hazina mtandao nyumbani, na vifurushi vinaletwa kwa flashi. Kosa la kawaida ni kwenda saiba na kupakua `libgmp-dev` na `libreadline-dev` peke yake. Ukifika nyumbani dpkg inadai `libncurses-dev` kwa ajili ya `libreadline-dev`, na nauli ya matatu imekwenda bure. Iulize kompyuta yenyewe isiyo na mtandao inahitaji nini:

```
apt-get install --print-uris -y build-essential libgmp-dev libreadline-dev | grep "^'" | cut -d"'" -f2 > orodha.txt
```

Amri hii haipakui kitu wala haihitaji sudo. Inaandika anwani za kila kifurushi kinachokosekana kwenye mashine hiyo, na zile tu. Beba `orodha.txt` kwenye flashi. Penye mtandao, `wget -i orodha.txt`, na kama mashine ya saiba ni ya Windows, bandika anwani moja moja kwenye kivinjari. Ukirudi, ingia kwenye folda ya flashi na uandike `sudo apt install ./*.deb`. Anwani zikijibu 404, ujue orodha ya apt ya kompyuta yako ni ya zamani na vifurushi hivyo vimeshapandishwa toleo. Hapo hakuna ujanja: shiriki mtandao wa simu kwa dakika chache, fanya `sudo apt update` tu, kisha toa orodha upya.

Flashi ya rafiki ina hatari yake. `libgmp-dev` haikubali `libgmp10` yoyote ile. Inadai ile ya toleo lilelile hadi herufi ya mwisho. Rafiki aliyepakua mwaka jana anakupa `-dev` ya zamani, kompyuta yako ina `libgmp10` iliyopata sasisho la usalama, na apt inakataa ikisema kuna mategemeo yasiyotimizwa. Usilazimishe kwa `--force-depends`. Ukilazimisha, apt itakugomea kila utakapotaka kusakinisha kitu kingine, hadi uondoe ulicholazimisha. Tafuta `-dev` inayolingana na `libgmp10` uliyo nayo. Toleo lake utaliona kwa `dpkg -s libgmp10`.

Yapo makosa yanayofanana na tegemeo lililokosekana na siyo. `the PARI stack overflows` ni kumbukumbu ndogo: gp huanza na baiti 8000000 tu, na `default(parisizemax,"1G")` inaipa nafasi. `Killed` katikati ya kukompaili programu kubwa kama SageMath ni RAM iliyoisha, punguza `-j`. Laptopu iliyo mezani kwenye joto la kaskazi nayo itajipunguza kasi yenyewe, hivyo `-j2` huenda isikucheleweshe sana kuliko `-j8`.

Stima ndiyo yenye madhara ya kujificha. Ikikatika wakati kompaila inaandika faili la `.o`, faili hilo linaweza kubaki tupu. Umeme ukirudi, `make` inaangalia tarehe tu: faili lipo, ni jipya kuliko chanzo chake, haligusi. Mwishoni `ld` inalalamika kwamba haitambui faili hilo, na mtu anaanza kutafuta maktaba ambayo haikukosekana kamwe. Safisha kwa:

```
find . -name '*.o' -size 0 -delete
```

halafu `make` tena.

Kwenye kompyuta za mezani za maabara, angalia pia saa. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, kila stima ikikatika mashine inarudi miaka nyuma. apt itakataa ghala ikidai faili la Release bado halijaanza kuwa halali, na `make` itaonya `Clock skew detected. Your build may be incomplete.` Onyo hilo ni la kweli, kwa sababu mpangilio wote wa `make` unasimama juu ya tarehe za mafaili. Andika `date` uone. Ikiwa si sahihi, irekebishe kwa `sudo date -s` ukifuatisha tarehe na saa ndani ya alama za nukuu, badilisha betri, kisha futa folda ya pari, ifungue upya na uanze tena na `./Configure --prefix=$HOME/pari --with-gmp`.